Bia Chungu ya Dada Yangu

Mara ya kwanza dada yangu aliponipa bia yake niionje, niliikalisha mdomoni, nikaimeza, kisha nikamwuliza kama hakusahau kitu. Uchungu ulitangulia ladha nyingine zote, ukaganda nyuma ya ulimi kama jani la mlimau lililotafunwa. Baadaye ikaja harufu ya ganda la chungwa na nyasi zilizofyekwa asubuhi. Mwishoni mdomo ukabaki mkavu, nikataka funda jingine ili nihakikishe kwamba sijaipenda.

"Umesahau kilevi," nilimwambia.

"Sijasahau. Nimekipunguza makusudi."

"Sasa mtu ainywe kwa ajili gani?"

"Na wewe hilo funda la pili umelinywa kwa ajili gani?"

Mimi nikizidiwa na swali huuliza jingine. Nikamwuliza uchungu unatoka wapi. Akanifungulia pakiti ya hopsi, maua makavu ya kijani yaliyosagwa na kushindiliwa kama chakula cha kuku, ambayo huagizwa kutoka nje. Nikayanusa, nikapiga chafya. Nikamwuliza pia kama uchungu ni ladha kweli au ni mtindo tu, wa watu wa baa za kitajiri za Kiyovu, hapa Kigali, wanaotaka kuonekana wanajua wanachokunywa. Akasema nitafute mwenyewe.

Nilitafuta. Nilinunua bia nyingine dukani, nikazifunga chupa zote kwa magazeti, nikamwomba jirani wa chumba cha pili amimine mimi nikiwa nje. Nilichagua ya dada. Nikarudia siku nyingine nikiwa na njaa, na siku nyingine nimeshiba. Nilichagua ileile. Tangu hapo nimekuwa nikisema bila wasiwasi kwamba dada yangu anatengeneza bia nzuri, na anayebisha namwambia alete magazeti yake.

Lakini dada alikuwa akitafuta stoo ya kupikia, na ulimi wangu haukuwa na stoo ya kutoa. Stoo ilikuwa ya baba.

Nyumba ya wazazi iko Gisozi, mlimani juu ya karakana za samani, mahali ambapo vumbi la mbao na harufu ya vanishi hupanda na upepo hadi sebuleni. Nyuma ya nyumba kuna stoo yenye sakafu ya saruji na bomba lake la maji. Dada alikuwa akipikia bia kwenye jiko la chumba chake cha kupanga na kuichachusha kwenye ndoo chini ya kitanda. Bia ya chini ya kitanda haipewi kibali cha kuuzwa. Alihitaji sakafu ile na bomba lile, na bosi wake wa zamani, ambaye alikuwa bado hajaijaza nafasi aliyoiacha ofisini, alimpa hadi mwisho wa mwezi aseme anarudi au harudi. Wakati huohuo fundi seremala mmoja wa bondeni alikuwa ameiomba stoo ya baba akaushie mbao zake, na baba alimpenda kwa sababu hakuwa mtu wa maneno mengi.

"Leteni hiyo bia Jumapili," baba alisema kwenye simu. "Nikishaionja nitasema."

Sisi tulizaliwa Bukoba, upande wa Tanzania, wazazi wakarudi nasi Kigali tukiwa wadogo, na nyumbani Kiswahili hakikuondoka. Baba hutumia Kinyarwanda kwa mambo ya heshima na Kiswahili kwa mambo ya kweli. Jumapili ile tulimkuta barazani na rafiki yake, mzee aliyekulia Kampala na mwenye Kiswahili cha huko, ambaye sisi tunamwita anko. Mama alikuwa amebaki kanisani na kwaya.

Wazee wale walikuwa kazini, wakifanya mazoezi. Jumamosi iliyofuata ilikuwa siku ya gusaba, sherehe ya kuja kumwomba binti wa shangazi yetu, na baba alikuwa msemaji wa upande wetu. Msemaji wa upande wa binti kazi yake ni kuwazungusha wageni. Anasema binti huyo hatumjui, anafufua ugomvi wa mababu, anawapa mafumbo, mpaka anapotajiwa ng'ombe wa mahari ndipo moyo wake unalainika. Na kwa muda wote huo anakunywa na wageni, kwa sababu mwenyeji mwenye glasi kavu anawatukana watu. Baba ni msemaji mzuri kwa saa ya kwanza. Kwenye sherehe iliyopita bia ilimzidi, akawashukuru wageni kwa ng'ombe ambao walikuwa bado hawajawataja. Hema zima lilicheka, na mpaka leo ukitaka kumkasirisha unamsalimia kwa kumshukuru kwa ng'ombe.

Dada aliingia jikoni na chupa zake. Alitaka bia ionekane rangi, na povu lisimame vidole viwili, basi akamimina hukohuko, akatoka na glasi kwenye sinia. Zilikuwa nzuri kama picha. Aliziweka mbele ya wazee, akarudi nyuma, akasimama mlangoni na mikono nyuma.

Baba aliishukuru glasi yake. Anko naye aliisifu yake. Wakaendelea kuzungumza. Povu likashuka. Baba akaishika glasi, akaizungusha, akairudisha mezani. Anko akaagiza bia yake ya siku zote, ile chupa kubwa, isiyo baridi.

Nilimtazama dada. Macho yake yalikuwa kwenye glasi, na uso wake ulikuwa umeshakubali kurudi ofisini.

Ndipo nikaelewa, na nilishangaa kwamba mimi mwenye maswali yote nilikuwa sijajiuliza hili. Hakuna mzee Kigali nzima anayekunywa kitu kilichofunguliwa bila yeye kuona. Hata kwenye baa mhudumu huleta chupa na kizibo chake, aifungue mbele yako. Na kinywaji cha nyumbani, kilichopikwa na mtu, aliyekileta hukionja kwanza, ili mgeni aone kwamba hakina sumu. Dada alijua hayo yote. Lakini alijua pia kwamba binti hanywi bia mbele ya baba yake, na yeye hata hiyo yake mwenyewe alikuwa hajawahi kuinywa mbele yake. Kwa hiyo alimimina jikoni na kutumaini kwamba povu litamsemea.

"Baba," nilisema, "hamtakunywa mpaka aonje?"

Dada alinikata jicho. Anko akacheka puani.

"Sijasema hivyo," baba alijibu.

"Hujasema, lakini hunywi. Sasa kama yeye haruhusiwi kunywa mbele yako, na wewe huwezi kunywa kabla yake, hii bia itanywewa na nani?"

"Huyu mutoto," anko alimwambia baba, "murimpeleka chuo kikuu kujifunza nini? Kuhoji wazee?"

"Alikuwa hivi kabla ya chuo," baba alisema. "Chuo kimemwongezea sauti tu."

Kisha akamtazama dada. Akasogeza glasi zilizomiminwa pembeni.

"Leta chupa, mama. Fungulia hapa," alimwambia dada.

Dada alileta. Aliifungua mbele yao, akamimina kidogo kwenye glasi, na hapo akasita.

"Basi onja," baba alisema. "Si umeipika wewe?"

Nilidhani atagusisha mdomo tu, kwa adabu. Hakufanya hivyo. Aliinua glasi kwenye mwanga, akaiweka puani, akafumba macho, akavuta funda na hewa kidogo kama anavyofanya akiwa peke yake jikoni, akalimeza, akangoja. Akasema, zaidi kwa bia kuliko kwa watu, "Iko baridi mno. Ingengoja kidogo ingenukia zaidi."

Baba alikuwa amemkazia macho. Sijui aliona nini. Naripoti tu kwamba alinyoosha mkono, akachukua glasi ileile, akanywa.

"Yesu wangu," alisema. "Hii ni kwinini."

Anko akaomba aonje. "Hii iko dawa ya malaria! Mutoto, umetuona tunatetemeka?"

"Kunywa tena, anko," dada alisema. "La pili ndilo linasema ukweli."

"La pili kwa mazishi yangu." Akarudi kwenye chupa yake kubwa.

Baba alikunywa la pili. Alipofika katikati ya glasi alisema mazoezi yaendelee, na anko awe msemaji wa upande wa bwana harusi. Dada alifungua chupa nyingine kila ya kwanza ilipoisha, na kila mara aliionja kwanza, bila mtu kumwambia.

Walianza vizuri wote wawili. Anko alisema wamekuja kutafuta ua lililochanua kwenye boma hili. Baba akasema boma hili halina maua, lina mbigili, na babu yake anko alipita hapa akaiba mzinga wa nyuki. Anko akaukana mzinga. Baba akamtolea shahidi, jirani aliyekufa. Waliendelea hivyo mpaka jua likahama baraza, na kadiri chupa kubwa zilivyofunguliwa anko alizidi kuwa na huruma. Aliukubali mzinga. Akaomba msamaha kwa niaba ya babu. Akatoa ng'ombe, akaongeza na ndama wake, akamkumbatia baba, akakaa kitini akijifuta jasho.

"Umemaliza?" baba aliuliza.

"Nimemaliza, muzee. Tupige vigelegele."

"Umetoa ng'ombe na ndama, na msichana hujamwomba."

Anko alijipiga paji la uso. Dada alikimbilia ndani, na tukamsikia akicheka mpaka akakohoa. Baba alikuwa amekaa wima, ulimi haujateleza hata mara moja, akiwa na furaha ya mtu ambaye amewahi kuchekwa na hema zima.

Ningenyamaza hapo. Lakini jambo lililotokea mara moja tu halinitoshi.

"Baba, hii haithibitishi chochote. Anko hata akiwa hajanywa husahau. Ingebidi mbadilishane bia, mrudie."

Dada alitokeza kichwa mlangoni. "Wewe uko upande gani hasa?"

"Upande wako. Nataka ushinde kiasi kwamba mtu asiweze kubisha."

"Mimi nabisha tayari," baba alisema. "Kilevi chake kidogo nimekielewa. Jumamosi nataka kreti. Lakini huu uchungu, mama. Punguza uchungu, weka sukari kidogo, na stoo ni yako leo hii."

Nilijua mimi ningejibu nini. Ningesema ndiyo, nipate funguo, halafu niendelee kupika ninavyotaka. Dada alijifuta mikono kwenye kanga aliyojifunga kiunoni, akasogea, na kwa mara ya kwanza siku ile akavuta kiti, akaketi.

"Sipunguzi, baba. Ukitoa kilevi ukatoa na uchungu, unabaki na maji ya kimea. Uchungu ndio unaokufanya unywe polepole. Na wewe umekunywa polepole, nimekuangalia."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Kama ni stoo kwa sukari, mpe fundi."

Anko alisema, "Ala!" kisha akaangalia bondeni kama mtu asiyekuwepo.

Baba alimalizia glasi yake. Aliitazama chini, palipobaki povu dogo. Akachukua simu, akampigia fundi, akaongea Kiswahili.

"Fundi, ile stoo usiitegemee tena... Hapana, si bei. Imeshapata mwenyewe... Ndiyo, na yeye ni fundi." Akasikiliza. "Hapana, si mbao. Wa bia."

Alikata simu, akamwambia dada kwamba mlango wa stoo unakwama wakati wa mvua, inabidi uuinue kidogo ndipo uusukume. Dada akasema anajua. Anko akasukuma kando chupa yake kubwa, akanyoosha glasi tupu.

"Nipe hiyo kwinini, mutoto," alisema. "Lakini onja kwanza."