Nilivyofungiwa na Mfu wa Kasongo

Kijana mmoja wa Kasongo alirudi kutoka Goma na mchezo wa ajabu: watu wanalipa ili wafungiwe. Alichukua ghala la mpunga la marehemu babu yake, akaziba madirisha, akaficha ufunguo wa mlango humo humo, kisha akamweka mfu. Mfu mwenyewe alikuwa fundi cherehani wa sokoni, kajipaka unga wa muhogo usoni na kuvaa kanzu kuukuu. Kazi yake ni kukutisha wakati unatafuta ufunguo. Na sisi, ambao kutwa tunahangaika kutafuta pa kutokea, tukapanga foleni kuingia.

Nilikwenda na mchumba wangu siku ya Idi. Namwita mchumba kwa ujasiri tu, maana mama yake alikuwa amenikataa. Mimi huendesha pikipiki, napeleka watu Salamabila kwenye dhahabu, na kwa mama huyo kila kinachotoka Salamabila ni vumbi na utovu wa adabu. Vumbi sikatai.

Tulipofika mlangoni, mama naye akatokea, mkali kama pilipili, aone bintiye anaingizwa nyumba gani. Mwenye mchezo ni mtoto wa dada yake. "Mama mudogo, ingia ujionee mwenyewe," akasema. Akamwingiza kwa heshima zote, akanisukuma mimi bila heshima yoyote, akafunga. Binti akabaki nje anacheka.

Balaa! Kwetu mama mkwe hatazamwi usoni wala hasemeshwi ana kwa ana. Mkikutana njiani, unaingia majanini. Humo ndani majani yako wapi? Nikageukia ukuta. Mama akaketi kwenye kiti kilichokuwepo. Mfu akanguruma, hakuna aliyemjali.

"We mufu," mama akasema, "uliza huyu mutu, ananipa mugongo sababu gani? Mi iko mukwe wake?"

Mfu akasita. Kazi hiyo hakuambiwa. "Kaka, mama anauliza..."

"Mwambie bado. Namuheshimu mbele ya wakati."

Niliogopa kweli, na si mfu niliyemwogopa: neno moja baya, na binti nimemkosa.

Unga ukaanza kumwingia mfu machoni, akanisogelea akaninong'oneza, "Ufunguo iko chini ya kiti ya mama. Mwambie asimame, tutoke."

"Mwambie weye."

"Mi? Namuogopa!"

Kumwinua mama mkwe kitini! Bora nizeeke humo. "Mwambie mama akae tu," nikauambia ukuta. "Atasimama akitaka mwenyewe. Mi sina haraka."

Nyuma yangu nikasikia kicheko kidogo, cha puani.

"We mufu. Mwambie mukwe wangu afunge macho, nisimame."

Nikayafumba. Kiti kikasogea, ufunguo ukaokotwa, kitasa kikalia, nje binti akaacha kucheka. Mama alitoka kitambo, mimi bado nimesimama palepale, macho nimeyafumba, machozi yananitoka kwa furaha. Mfu ndiye aliyenishika mkono akanitoa nje.