Mtoto Aliyeandikwa Shangazi

Nchi inapotajirika, wa kwanza kutangaziwa ni wale ambao mali yenyewe hawataishika. Mama Dobi alitangaziwa na redio. Alikuwa ameinama juu ya pipa katika chumba cha kufulia cha mgodi, mikono imezama hadi viwikoni, anafikicha ovaroli za wachimbaji zilizogandamana na tope jekundu. Redio iliyoning'inia kwenye msumari ikasema kwamba chini ya ardhi hii kuna madini ya betri ya kuutosha ulimwengu mzima, na kwamba kila raia ni tajiri, ila hajajijua tu.

"Mmesikia?" akasema mwenzake aliyekuwa anapiga pasi. "Jamani, sisi matajiri!"

"Mimi nilijijua zamani," akajibu Mama Dobi. "Tatizo ni kwamba nguo ninazofua si zangu."

Wenzake wakacheka mpaka wakashika mbavu. Yeye akaendelea kufikicha.

Maji ya kufulia hayakuwa na shida pale. Yalitoka bombani manene kama mkono wa mtu mzima, mchana kutwa, na yaliyomwagika hakuna aliyeyajali. Lakini jioni aliporudi kwake, katika makazi mapya, alikuta bomba lake limesimama mlangoni kama mgeni asiyejua alichokuja kufanya. Halikuwahi kutoa hata tone tangu lilipowekwa mbele ya wapiga picha. Basi alichukua ndoo akaenda kupanga foleni kwenye mkokoteni wa muuza maji. Juu ya paa lake zilipita nyaya nene za umeme, zikivuma kama mzinga wa nyuki, zikielekea mgodini. Chini ya nyaya hizo yeye aliwasha kandili.

Nyumba za makazi mapya zilipangwa mistari, zote sura moja, hata mlevi aliweza kulala kwa jirani na asubuhi akashukuru kwa ukarimu. Ndani ya nyumba yake mlikuwa na kitanda, sufuria mbili, kiti kimoja. Kiti cha pili angemwekea nani?

Alikuwa ameolewa, naam. Cheti kipo. Mume ndiye hayupo.

Zamani waliishi juu ya kile kilima ambacho sasa nusu yake ni shimo. Shamba alililima yeye, kwa jembe lake, tangu mpini ukiwa mpya hadi ukawa laini kama ngozi. Lakini mwanamke hulima, hati huvaa suruali. Kampuni ilipokuja, fidia ya nyumba na shamba ilitoka kwa jina la mume, mtu ambaye kilima kizima kilimwita Bwana Mipango kwa sababu hakukosa mpango hata siku moja, na hata siku moja hakukosa mtu wa kulipia mpango huo. Bwana Mipango alisema anakwenda mjini kutafuta kiwanja. Akaenda. Kiwanja hakukipata, akapata mke.

Mama Dobi hakumfuata. Aliwaambia waliomshauri kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Kitu alichokitaka kutoka kilimani kilikuwa kimoja tu, nacho hakikuwa cha mumewe peke yake.

Kilikuwa kaburi. Alizaa mara moja maishani, mtoto wa kike, aliyeona jua likichomoza na hakuliona likizama. Alikufa hajapewa jina. Wakamzika kando ya jabali lililopasuka, mwisho wa makaburi ya ukoo wa mume. Tangu hapo tumbo lake halikushika tena, na mawifi zake walimsema mpaka wakachoka. Kila alipokwenda shamba alipitia pale, akang'oa majani, akasema, "Nimekuja." Hakuwa na la ziada. Ungemwambia nini mtoto wa kutwa moja?

Sasa ikawa kwamba ulipoenea uvumi kuwa makaburi nayo yatafidiwa, kilima kile kilipatwa na msiba wa ajabu. Watu walianza kufa kwa kurudi nyuma. Usiku hakuna kaburi, asubuhi yapo matatu, yamepangwa mawe vizuri, na wenye nayo wameshika tama. Walizikwa watu ambao hawakuwahi kuzaliwa. Bwana mmoja alimzika mjomba wake aliyekuwa anaishi wilaya ya pili, na mjomba aliposikia akapanda gari akaja kudai fungu lake.

"Na wewe zika hata mmoja, wifi," dada wa Bwana Mipango alimwambia siku zile. "Unaogopa nini? Hawali."

"Maiti wangu ni mmoja, ananitosha," akajibu.

Kampuni nayo ikashtuka. Haikukataa kulipa, ilitanguliza nusu, kisha ikasema kila kaburi litafukuliwa. Atakayepatikana atawekwa kwenye sanduku la mbao na kuzikwa upya kwenye makaburi mapya, nyuma ya makazi. Penye utupu pataitwa hewa, aliyeandikisha atarudisha alichopokea na kupelekwa polisi, na mashine zitaendelea na kazi. Mama Dobi alifurahi. Aliyajua yale makaburi mapya, yalikuwa karibu na njia yake ya kazini. Angekuwa anapita kila siku.

Siku mbili kabla ya zamu ya ukoo wao, alikutana na wifi yake kwenye mkokoteni wa maji.

"Nasikia unakwenda kwenye ufukuaji."

"Nakwenda kumchukua mwanangu."

Wifi akatua ndoo. "Mwanao? Pale hapakuandikwa mtoto. Kaka amemwandika shangazi."

"Shangazi gani?"

"Shangazi tu! Kichanga kinalipwa kidogo, mtu mzima analipwa cha maana. Kaburi lilikuwepo, la nini kuchimba jingine? Kaka alikuja usiku mmoja ulipokwisha kuhama, akaongeza kifusi, akalirefusha, akapanga mawe. Akawaambia ni shangazi yetu, mama mnene." Akacheka, kisha akaona uso wa mwenzake, kicheko kikamkwama. "Wifi, dunia ndiyo hii."

Mama Dobi alisimama na ndoo tupu mpaka mtu wa nyuma yake akamsukuma. Ndipo akasema, "Mwite kaka yako aje. Sidai shamba, sidai nyumba, huyo mwanamke wake namwachia amle mbichi. Aje aseme neno moja mbele ya yule bwana wa makaburi wa kampuni. Aseme mtoto. Basi."

Asubuhi ya siku yenyewe Bwana Mipango alikuja kweli, viatu vimepigwa rangi vikang'aa. Miaka imepita hawajaonana. Alikuwa amenenepa shingo.

"Hujambo, mama?"

"Sijambo. Nimekuja kwa ajili ya mtoto."

"Tulia. Nitaongea nao."

Alilisema kwa sauti ile ya zamani, ya kitandani, na Mama Dobi, pamoja na yote aliyofanyiwa, akaona moyo wake unatulia kidogo. Akajichukia kwa hilo.

Bwana wa makaburi alikuwa kijana mpole mwenye kofia ngumu nyeupe. Mchimbaji alikuwa mzee mmoja wa kilimani walikokuwa wakiishi, jina lake Sururu, kwa kuwa ndicho kitu alichotembea nacho zaidi kuliko mkewe. Walianza na kaburi la jirani, fundi baiskeli, aliyesema ni la babu yake. Sururu akachimba, akashika kitu, akakivuta. Lilikuwa gogo la mgomba, limefungwa shuka.

"Pole, fundi," akasema Sururu. "Babu amechipua."

Watu wakaangua kicheko. Hata bwana wa makaburi aligeuka pembeni. Lakini alipogeuka tena hakuwa anacheka. Fundi baiskeli akaongozwa hadi kwenye gari la kampuni, akakaa kiti cha nyuma, na kupitia kioo kila mtu aliona midomo yake inavyocheza kama anayehesabu dhambi zake.

Bwana Mipango naye aliona.

Wakafika kwenye jabali lililopasuka. Kifusi cha uongo kikaondolewa, mawe ya uongo yakawekwa kando. Mama Dobi akasema, "Hapa taratibu, kaka," na Sururu akaweka sururu chini, akapiga magoti, akachimba kwa mikono. Udongo ulikuwa mwekundu, mwekundu, mwekundu. Halafu, mahali padogo, kiasi cha sinia, ukawa mweusi. Sururu akasimamisha mikono.

"Ndiye huyu," akasema Mama Dobi.

Sururu akamjibu polepole, bila kumwangalia. "Ndiye, dada. Kichanga huwa hivi. Haachi mfupa."

Bwana wa makaburi akachuchumaa, akatazama, akatazama tena. "Mzee, mimi nahitaji kitu cha kutia sandukuni. Na hapa pameandikwa mtu mzima. Mtu mzima hapotei hivi." Akainua uso. "Aliyeandikisha yupo?"

Bwana Mipango akajitokeza.

"Bwana, nakuuliza mara moja. Aliyezikwa hapa ni mtoto, au ni mtu mzima kama ulivyosema?"

Nyuma yao mashine kubwa ya manjano ilikuwa imewashwa, inasubiri. Mama Dobi alimtazama mumewe mdomoni, kama mtu anayesubiri tone kwenye bomba. Mumewe alitazama gari. Alitazama kioo cha gari na uso uliokuwa nyuma ya kioo.

"Ni shangazi," akasema. "Labda tumekosea mahali. Ni zamani sana."

"Sema mtoto," akasema Mama Dobi. "Ulimbeba wewe mwenyewe kwa mikono yako. Watakachokudai nitakulipia mimi, nitafua mpaka kucha zing'oke. Sema!"

Mume akainama akajifuta vumbi kwenye kiatu. "Muwie radhi mke wangu, bosi. Tangu tuhame akili yake haijatulia."

Mama Dobi akamgeukia wifi yake, ambaye siku ile ya zamani ndiye aliyeshika maji ya kumwosha mtoto. Wifi alikuwa anatazama kucha zake, moja baada ya nyingine, kana kwamba ameziazima.

"Hilo la kukosea mahali tutalichunguza baadaye," bwana wa makaburi alimwambia mume. Kisha, kwa sauti ya chini, akamwambia mke, "Si mimi, mama. Ni utaratibu. Hapa ni hewa."

Hapo Mama Dobi akashuka shimoni. Akatandika kitambaa chake cha kichwa, akaanza kuuzoa ule udongo mweusi kwa viganja. Hakuna aliyecheka sasa. Kijana wa kofia nyeupe akamfuata, akachuchumaa ukingoni.

"Mama, samahani. Udongo hautoki nje ya uzio. Hata kwenye viatu hatuuachi utoke. Huo udongo ndio wenye madini."

"Utapelekwa wapi?"

"Kiwandani. Utasagwa, utaoshwa, halafu utasafirishwa."

"Mbali?"

"Ng'ambo, mama. Mbali sana."

Mama Dobi akautazama udongo kwenye kitambaa. "Hajawahi kwenda popote," akasema.

Akakung'uta kitambaa. Sururu akampa mkono akamtoa.

Langoni kulikuwa na beseni la simenti na mabomba manne, kwa sababu ilikuwa sheria kwamba kila anayetoka aoshe viatu na mikono. Mama Dobi akajaribu kupita viganja vimefumbwa. Mlinzi akamrudisha. "Fumbua, mama. Sote tunaosha." Maji yakafunguliwa, mengi, ya bure, yenye nguvu. Alikuwa ameosha tope la udongo ule miaka yake yote ya kazi mgodini, alijua jinsi linavyotoka: kwanza linalainika, halafu linaacha ngozi lenyewe, halafu linakuwa uzi mwembamba unaozunguka kwenye tundu. Mlinzi akasema, "Vizuri," akamfungulia.

Hakurudi kazini siku hiyo. Alifika kwake, akafungua mlango wazi, akatoa mkeka akautandika nje kizingitini, akakaa, miguu ameinyosha, kichwa wazi.

Watu walianza kurudi toka kazini. Wa kwanza alikuwa yule mwenzake wa pasi.

"Shoga, vipi? Mbona uko chini?"

"Nimefiwa."

"Ala! Na nani?"

"Mwanangu."

Mwenzake akapepesa macho. Walikuwa wamefanya kazi pamoja tangu mgodi unafunguliwa. "Hukuniambia una mtoto. Amekufa lini?"

"Asubuhi."

"Pole," akasema, akasimama kidogo, akabadilisha mkoba mkono mmoja hadi mwingine. "Pole sana. Nitakuja." Akaenda haraka, na mlangoni pa tatu Mama Dobi alimwona anasimama kunong'ona na watu. Baada ya hapo waliopita walipita upande wa pili wa njia. Wengine walimpungia mkono, kama unavyompungia mtu aliye ndani ya gari linaloondoka.

Redio ya jirani ilikuwa inasema habari. Nchi imepanda katika orodha ya utajiri, ilisema, imezipita nyingine mbili.

Jua lilipokaribia kuzama, wifi akaja na ndoo kichwani. Akasimama mbele ya mkeka.

"Wifi, watu wanasema umekaa matanga ya udongo."

"Karibu mkeka."

Wifi akatua ndoo. Akautazama mkeka, akautazama mstari wa nyumba, mlango kwa mlango, na nyuso zilizokuwa zikichungulia kwenye milango hiyo. Akajitwisha ndoo yake.

"Maji yataisha kwenye mkokoteni," akasema.

Mama Dobi alimwangalia mpaka alipopotea kwenye kona, kisha akasogea pembeni, akaegemea ukuta, ili mkeka ubaki na nafasi ya watu kukaa.