Mwenye Ploti Amhukumu Mfalme

Jumamosi vijana wa mtaa waliigiza tanzia ya kale katika ukumbi wa kanisa hapa Kawangware. Mfalme anatabiriwa kwamba atamuua nduguye. Anamfukuza mbali ili jambo hilo lisitokee, halafu anamuua vitani bila kumtambua.

Mchezo ulipoisha, mwelekezi alituuliza, "Kosa ni la mfalme au la miungu?"

Mgeni wa heshima, mwenye ploti mashuhuri anayepangisha vyumba hapa mtaani, alichukua maikrofoni kwanza. "La mfalme! Mkono ulioshika upanga ni wake. Mtu asijifiche nyuma ya miungu!"

Tulimpigia makofi. Mimi nilipiga kwa nguvu, maana niliona amesema kweli.

Ndipo mpangaji wake mmoja, mama wa kufua nguo, akasimama, mkono umefungwa plasta.

"Landlord, na ile ngazi ya ploti yako? Nilikuambia ubao umeoza. Nikakuleta, nikakuonyesha. Sasa nimeanguka, sifui, na watoto wanataka kula."

Mwenye ploti aliishusha maikrofoni taratibu. "Pole sana, mama. Huo ulikuwa mpango wa Mungu."

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. "Buda, si umesema mtu asijifiche?" kijana mmoja akapaza sauti.

Yeye pia alicheka, akajifuta jasho kwa leso, akaletewa soda.

Nadhani ni rahisi kuwajibika kwa niaba ya mfalme. Yule mama hakungoja maombi ya kufunga mkutano. Alisema anataka kupanda ngazi ile ile kukiwa bado na mwanga.