Halbadiri ya Birika la Bibi

Birika la shaba la bibi yangu nililiiba mimi. Nalisema mapema nisije nikaanza kujipamba. Nilikuwa na miaka kumi na saba, kidato cha tatu, msomaji bora wa madrasa yetu pale Zinga, na mlevi. Hilo la mwisho wakati ule ningelikataa kwa ukali. Mlevi kwangu alikuwa mzee anayelala mtaroni. Mimi nilikuwa kijana anayejichangamsha kidogo.

Tulikuwa wawili, mimi na jirani yangu tuliyekua pamoja. Tulinywea kwenye pagale la mtu wa mjini, upande wa Mapinga, kuta bila bati. Pombe kali ya chupa ndogo, tunachanganya na soda, mchana kweupe baada ya shule. Kisha tunatafuna karafuu mpaka ulimi unakufa ganzi, ndipo naenda madrasa kuwafundisha wadogo alifu na be. Mwenzangu alizidisha kuliko mimi. Kesho yake huniuliza alifikaje nyumbani, nami namhadithia huku tukicheka.

Birika hilo bibi alilipata alipoolewa, na lilinawisha wageni kwenye kila shughuli ya ukoo. Siku niliyolichukua mikono ilikuwa inanitetemeka tangu asubuhi na mfukoni sina kitu. Nikalitia kwenye begi chini ya madaftari, nikampelekea mnunuzi wa vyuma chakavu. Akalipima, akaliponda kwa nyundo palepale ili lienee kwenye gunia. Hata ningetaka kurudisha, ningerudisha nini?

Bibi hakulia. Alisema, "Nitamsomea." Kwetu hakuna asiyejua maana yake: halbadiri, kisomo cha kumshtakia Mungu mwizi asiyejulikana, na watu huamini kwamba aliyesomewa huvimba tumbo, hupofuka au hufa. Likatolewa tangazo msikitini: siku tatu, aliyechukua arudishe, hata akiliacha mlangoni bila kuonekana.

Siku hizo tatu nilikunywa kuliko siku zote. Kila asubuhi niliingia chumbani kwa bibi nikiwa nimeazimia kusema.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umekunywa chai?"

Nikajibu ndiyo, nikatoka. Nilimwogopa kuliko nilivyoogopa kuvimba.

Siku ya nne ustadhi akachagua wasomaji, na wa kwanza nikawa mimi. Kila mtu mtaani anajua kwamba anayekataa kusoma halbadiri amejitaja. Basi nikakaa mkekani, ubani ukafukizwa, nikajisomea mwenyewe. Nilijaribu kuyaruka majina ya watu wa Badri, ndiyo yanayoaminiwa kumshika mwizi, ustadhi akakohoa, nikarudia. Nyuma ya pazia nilimsikia bibi akisema, "Mashallah, sauti hiyo." Nilitamani ardhi inimeze.

Baada ya hapo nikawa najipapasa tumbo kila nikiamka. Wiki ikapita, sikuvimba. Wiki ya pili mwenzangu, akiwa amelewa chakari, alianguka na bodaboda barabara kuu, mguu ukavunjika mara mbili. Mpaka adhuhuri mtaa mzima ulishatoa hukumu: kisomo kimemshika.

Mama yake alikuja kwetu analia, akapiga magoti mbele ya bibi. "Mama, kama mwanangu kakosa, msamehe. Mfungulie, asije akanifia." Bibi naye akalia. Akamsamehe, akamwinua, kisha akaniita mimi niende nikamwambie mgonjwa kwamba hana kinyongo naye.

Nilikwenda nikiwa nimekusudia kusema kweli. Naapa nilikusudia. Nilimkuta kalala chali, mguu na plasta mpaka pajani, midomo imekauka. Mama yake, aliyefuata nyuma yangu, akasimama mlangoni.

"Bibi kasema amekusamehe," nikamwambia.

Akajiinua kwa kiwiko.

"Mwenzio sikumbuki," akasema. "Nawaza mpaka kichwa kinaniuma. Siku ile birika limepotea mimi sina hata kipande kichwani, asubuhi wala jioni. We ndo ulikuwa na mimi. Niambie basi. Nilichukua mimi?"

Siku ile alinywa kwa fedha yangu. Aliponiuliza nimeipata wapi, nilimdanganya kwamba nimemfyekea mtu shamba, na hata hilo lilikuwa limeshamtoka. Mtu pekee aliyeweza kumwambia alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda chake. Mama yake alikuwa ananikodolea macho. Nikaona aibu, na ndani ya aibu hiyo nikaona nafuu, na nafuu hiyo ndiyo inayonichukiza mpaka leo.

"Labda," nikasema.

Akashusha pumzi, akafumba macho. Halafu akaniomba nimfikishie bibi shukrani zake.