Korongo Hakungoja Salamu

Nilikuwa kwa fundi wa simu hapa Lodwar nikingoja kioo kibadilishwe, mama mmoja mwenye darubini shingoni, macho kwenye simu yake, akagonga kaunta kwa hasira hadi bisibisi zikaruka. Ndiye msimamizi wa kundi la mtandaoni la watazamaji ndege, na nje gari la wageni wake lilikuwa linanguruma, halijui lielekee wapi.

Aliyejua ni mvuvi wa Kalokol. Alikuwa ameandika kundini, "Nimeona korongo mweusi. Lakini kwanza, ejok?" akiuliza kwa Kiturkana kama wote ni wazima. Mwenzao wa Kaikor akaitikia, "Ejok nooi," mzima kabisa. Mkongomani wa Kakuma akawaombea wote baraka. Mvuvi akauliza mvua, akauliza mbuzi.

"Nilisema picha na mahali, basi!" mama akanifokea, kana kwamba kosa ni langu. Akampigia mvuvi kwa spika. "Korongo iko wapi?"

"Ejok, mama?"

Akafumba macho. "Ejok."

"Watoto?"

"Wazima! Korongo?"

"Hiyo imeruka. Ilikuwa hapa tu nikiwasalimia. Sasa mtu utampa habari namna gani kabla hujamsalimia?"

Namwelewa mama. Mimi nami, kabla kundi la mtaa wetu halijaniambia maji yamekatika, lazima nipokee maua na dua za asubuhi.

Alikata simu, akaanza kuandika sheria mpya kwa hasira. Nilichungulia begani kwake bila aibu: "Ejok, wote? Kuanzia leo salamu ni marufuku humu."

Simu ikalia mfululizo. Wote walikuwa wazima.