Shati la Mshauri

Mshauri wa mageuzi ya uchumi ana vidole laini, na kila akitamka "ushindani" huvisuguanisha kama anayetia chumvi kwenye chakula cha wenzake. Miaka miwili iliyopita alipita kiwandani kwetu, akaigusa mitambo ya kufuma kwa ncha ya kalamu, akaandika "chuma chakavu". Ikapakiwa melini, ikauzwa nje, nasi tukarudishwa nyumbani. Jana alikuja kutufundisha ujasiriamali katika ukumbi uleule, sasa mtupu.

"Ndugu zangu, tazameni hili shati," alisema, akinyoosha mkono. "Kitambaa cha nje. Mngefuma hivi, nani angewafungia kiwanda?"

Shangazi yangu, aliyesimamia mtambo namba tisa kwa miaka ishirini, akaomba kugusa. Akaushika mkono wa shati, akauvutia kwenye mwanga wa dirisha, akaupima kwa shubiri, kisha kwa shubiri nyingine.

"Mwanangu, hiki kimefumwa na namba tisa yangu. Inaruka uzi mmoja kila shubiri. Iliwashinda mafundi wote."

Mshauri alikohoa kidogo, akavaa koti, akafunga vifungo vyote, akaendelea kutueleza habari za ubora huku jasho likimtiririka mpaka kidevuni.