Mrejesho wa Sista Dorcas

Sista Dorcas, muuguzi wa zahanati moja ya Nansio, aliuza mbuzi wake ili avuke ziwa kwenda Mwanza kwenye mafunzo, maana bila hayo leseni yake isingehuishwa. Mkuu wake, Dokta Alexander, alikataa katakata kumlipia.

"Sista, elimu hiyo inaingia kichwani mwako, siyo kwenye zahanati."

Dorcas aliporudi, Dokta aliwakusanya watumishi wote wasikilize mrejesho. Dorcas akasimama.

"Mafunzo yalikuwa mazuri. Asanteni." Akaketi.

"Sista! Mbona hutufundishi?"

"Dokta, yote yamo kichwani mwangu, na kichwa hiki zahanati haikukilipia hata nauli."

Watumishi wakaangua kicheko. Dokta akaagiza fomu ya malipo, akatia saini palepale. Ndipo Dorcas akafundisha mpaka saa saba mchana, wala hakuruka ukurasa wa daftari lake.